Milioni 85, miaka 15: Goba, Kibada au Tandika? Wazoefu wa Dar thamani inapandia wapi?

#1 Mlinzi wa Kibubu
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Nina milioni 85, ni jasho langu na mke wangu, haina hata senti ya mkopo ndani. Tumepanga Tabata na hatuna haraka ya kuhama. Hii hela nataka iingie kwenye nyumba au kiwanja hapa Dar ikae miaka 15, mpaka kitindamimba amalize chuo. Hapo ndipo tutaamua tuuze au tuhamie.

Nimezunguka na madalali mpaka soli imelika. Mezani zimebaki tatu.

Goba: pagale limefika kwenye lenta, kiwanja kama mita za mraba 500, kimepimwa ila hati haijatoka. Mwenye mali anataka 80.

Kibada, Kigamboni: kiwanja kitupu kwenye vile vya mradi wa serikali, mita 900 na ushee, hati ipo mkononi. Anataka 70.

Tandika: nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na korido katikati, choo uani, wapangaji wamo ndani. Ina leseni ya makazi. Anataka 85 ila naona atashuka.

Mke wangu anasema Kibada. Shemeji yangu anasema Goba. Moyo wangu uko Tandika maana kodi inaanza kuingia mwezi huohuo. Kwa miaka 15 ipi itakuwa imepanda zaidi? Na kinachopandisha ni nini hasa? Kila ninayemuuliza ana sababu yake na anaapia.

#2 Chapa Ilale
Msikilize mkeo. Uzi ufungwe.

#3 Konda wa Zamani
Lami mkuu. Hakuna kingine. Enzi napiga debe njia ya Mbezi, mtu akikwambia anakaa Goba unampa pole. Mikorosho na vumbi jekundu, mvua ikinyesha daladala haipandi. Ilipoingia lami ya kutoka Mbezi kupita Goba mpaka Tangi Bovu, ikaja na ya kushukia Makongo, wale waliokuwa wanaililia Mbezi Beach bila uwezo wakaanza kupanda mlima na magari yao. Angalia Goba ya leo halafu uniambie kama kuna kitu zaidi ya lami. Kigamboni nako daraja lilipofunguliwa 2014 bei zilipaa wiki hiyohiyo.

#4 Bi Mkubwa wa Kibada
Konda, daraja limefunguliwa Aprili 2016, na Magufuli alikuja kulizindua mwenyewe. Hiyo 2014 ulikuwa bado unavuka na pantoni kama sisi wengine.

Mleta uzi, karibu Kibada mwanangu. Viwanja vyetu vilitoka kwenye ule mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002. Barabara za mtaa zilichorwa kabla watu hawajajenga, gari la taka linageuka, gari la zimamoto linapita. Nenda huko Goba kwa shemeji yako uone mtu kajenga ghorofa halafu kutoka nalo mpaka aombe jirani asogeze gari.

#5 Chapa Ilale
Na tozo ya daraja mama yangu umeisahau? Kwenda mjini unalipa, kurudi unalipa.

#6 Bi Mkubwa wa Kibada
Ilipunguzwa 2022. Na kuna ya wiki na ya mwezi. Wewe wa huko kwenu unalipa kwa foleni, tena bila risiti.

#7 Dalali Mstaafu
Kazi hii nimeifanya miaka mingi, sasa nimeacha kwa sababu ya presha (ya damu, siyo ya wateja), kwa hiyo sina cha kumuuzia mtu humu. Niseme ninachokijua.

Mteja wa Dar huwa ananunua habari. Anasikia stendi inajengwa, anasikia daraja linakuja, anasikia mji mpya unakuja, analipa leo bei ya kesho. Ukinunua habari ikiwa imeshafika kwenye midomo ya madalali, ongezeko kalichukua aliyekuuzia.

Mfano huo hapo Kigamboni. Mwaka 2008 ulitangazwa Mji Mpya wa Kigamboni, eneo la zaidi ya hekta 6,000. Wanunuzi wakamiminika. Halafu wenye maeneo wakaambiwa wasiendeleze, wasubiri. Watu wakakaa na nyumba hawawezi kuongeza hata chumba, huwezi kuuza kwa bei ya maana kwa sababu mnunuzi anakuuliza "si wanabomoa?" Mji mpya haukuja. Aliyenunua wakati wa kelele alikaa miaka amenuna. Aliyekuja kununua wakati wamekata tamaa wanauza kwa hasira, akasubiri daraja, huyo ndiye alikula.

Mfano wa pili, stendi ya mabasi ya mikoani. Ilivyohamia Mbezi Luis mwaka 2021, fremu za Mbezi zikawa hazishikiki. Ila upande wa pili wa stori hiyo ni Ubungo. Nilikuwa na mteja mwenye gesti pale nyuma, vyumba vilikuwa vinajaa kila siku kwa abiria wa alfajiri. Basi zilipoondoka alikuwa anakaa mapokezi peke yake anaangalia tamthilia. Akauza kwa bei ya kutupa. Sasa hivi pale stendi ya zamani kumejengwa kituo kikubwa cha biashara na wenye gesti waliovumilia wanacheka.

Kwa hiyo mleta uzi, kabla ya kuuliza "wapi", uliza hiyo bei unayotajiwa tayari imebeba habari gani ndani yake. Goba habari imeshaliwa. Kibada nusu. Tandika hakuna anayeizungumzia.

#8 Konda wa Zamani
Hiyo #7 nimeielewa ila bado ni lami. Stendi ni lami, daraja ni lami juu ya maji.

#9 X ya Kijani
Wenye dini ya lami mje Kimara niwahubirie.

Wazazi wangu walikuwa na nyumba Kimara karibu kabisa na Morogoro Road. Wageni wakija wanasema "aisee mzee ulipata eneo". Mwaka 2017 zikaja katapila. Hifadhi ya barabara kipande kile ikahesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mita 121.5 mkuu! Simama katikati ya barabara uhesabu hatua uone utaishia kwenye jiko la nani. Kuanzia Kimara kwenda Kiluvya vifusi vitupu. Waliokuwa nyuma yetu, ambao tulikuwa tunawaonea huruma kwa kukaa uchochoroni, leo wako barazani kwenye barabara ya njia nane.

Jina langu la humu msilishangae. Kwenye barabara kuu, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 kwenda 30 kila upande. Aliyekuwepo kihalali kabla ya upanuzi alipigwa X ya kijani, maana yake anastahili fidia. Aliyevamia alipigwa nyekundu. Mtaani kwetu kijani tuliisikia kwenye redio tu.

#10 Binti Ukonga
Pole kaka. Kwa hiyo ushauri ni kununua nyumba ya pili kutoka barabarani, si ya kwanza?

#11 X ya Kijani
Ya pili, na uende na futi kamba.

#12 Wakili wa Kichochoroni
Naomba niingie upande wa karatasi maana naona watu wanapima thamani kwa macho.

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba yetu. Unachonunua ni haki ya kutumia kwa muda, na hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Nawaambia hivi kwa sababu nimekutana na mtu aliyenunua nyumba akadhani ana miaka 99 mbele yake, kumbe hati ni ya miaka 33 na aliyemuuzia ameshaikalia zaidi ya nusu. Inahuishwa, ndiyo, ila jua unanunua nini.

Tandika: leseni ya makazi si hati. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 leseni haizidi miaka 5, halafu unahuisha. Inatambulika, inaweza hata kukusaidia kwenye mkopo mdogo, ila mnunuzi mwenye hela nyingi miaka 15 ijayo atauliza hati. Hapo ndipo bei inakatwa.

Goba: "kimepimwa ila hati haijatoka" ndiyo sentensi ninayoiogopa kuliko zote. Kimepimwa kwa jina la nani? Ramani ya upimaji imeidhinishwa au kuna bikoni tu zimechomekwa? Pale mtaani kwangu watu walichangishwa hela ya urasimishaji na kampuni moja, bikoni zikaja, hati mpaka leo wanaziota.

Popote utakaponunua, fanya upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa, hakikisha mwenza wa muuzaji ametia saini ridhaa, na kama ni nyumba ya urithi usitoe hata shilingi ya soda kabla hujaona barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi.

#13 Chapa Ilale
Wakili na ile asilimia 10 ya bei ambayo serikali ya mtaa inadai ukinunua?

#14 Wakili wa Kichochoroni
Hiyo iulize wanaoichukua wanakuonyesha kifungu gani. Muhuri wa mtaa si hati, na mwenyekiti kushuhudia mkataba hakumfanyi awe mbia wako.

#15 Dalali Mstaafu
Wakili anasema kweli, lakini mjumbe wa shina na mwenyekiti ndio wanaojua kiwanja kipi kimeuzwa mara mbili. Mimi sijawahi kufunga biashara bila kukaa na mjumbe kwanza, tena bila muuzaji kuwepo. Ofisi ya ardhi haijui kama kuna mtoto wa nje anakuja kudai.

#16 Kuponi Tu
Mnisamehe wenye mapenzi na tofali, tupige hesabu. Tandika vyumba sita, tuseme 70,000 kwa chumba. Ni 420,000 kwa mwezi, 5,040,000 kwa mwaka, na hapo hujatoa choo kujaa, bati kuvuja wala mpangaji anayehama usiku. Kwenye milioni 85 hiyo ni kama asilimia 5.9.

Hati fungani ya serikali ya miaka 25 (unaikopesha serikali hela, yenyewe inakulipa riba) inalipa asilimia 15.95 kwa mwaka. Milioni 85 inakupa zaidi ya milioni 13 na nusu kwa mwaka, inaingia kwenye akaunti mara mbili kwa mwaka, huzibui choo cha mtu. Na riba yake haina kodi.

#17 Mtakwimu Koko
Mkuu hiyo 15.95 ni ya 2021 ilivyoanza. Aprili 2022 wakashusha, ya miaka 25 ikawa 12.56. Zinapanda na kushuka kwa toleo, usimpe mtu namba ya zamani kama bei ya sukari.

#18 Kuponi Tu
Hata kwa 12.56 ni milioni 10 na laki 6 na ushee. Bado mara mbili ya Tandika.

#19 Bi Mkubwa wa Kibada
Na baada ya hiyo miaka 25 wanakurudishia ngapi?

#20 Kuponi Tu
Milioni 85 zako zote.

#21 Bi Mkubwa wa Kibada
Zilezile 85. Mwanangu, mwaka tuliopewa kiwanja sisi, hela tuliyolipa leo hainunui friji. Kiwanja nacho hakijasogea.

#22 Mzee wa Kipawa
Kiwanja nacho husogezwa, mama. Shikamoo lakini.

Sisi tulikuwa Kipawa, karibu na uwanja wa ndege. Nyumba nzuri, mji karibu, lami ipo, maji yapo, vyote mnavyovitaja humu. Tathmini ya kupisha upanuzi wa uwanja ilifanyika 1997. Fidia ikaja zaidi ya miaka kumi baadaye, na ugomvi wetu ulikuwa huo huo, kulipwa kwa macho ya 1997 wakati saruji inauzwa kwa bei ya siku hiyo. Katika muda wote huo huwezi kujenga, huwezi kuuza, huwezi kukopea. Nyumba unaiona, ni yako, na haina kazi.

Kwa hiyo kwangu mimi jambo la kwanza si lami wala hati. Jambo la kwanza ni kuuliza nani mkubwa yuko jirani. Uwanja wa ndege, bandari, reli, jeshi, kiwanda, bonde la mto. Mkubwa akitaka kunyoosha miguu, wewe ndiye unajikunyata.

#23 Binti Ukonga
Mzee marahaba kwa niaba ya mama, hajajibu 😂

Sasa mimi nitetee kwetu. SGR imeanza safari za Morogoro Juni 2024 na Pugu kuna stesheni. Mbona hakuna anayetaja Pugu, Majohe, Chanika? Mleta uzi hiyo 85 kwetu unapata nyumba imekamilika, na chenji unanunua bodaboda.

#24 Konda wa Zamani
Dada SGR haiendi Posta asubuhi na kurudi jioni. Hiyo ni ya Morogoro na Dodoma. Inakupita Pugu unaipungia mkono.

#25 Binti Ukonga
Na treni ya Mwakyembe je, ile ya abiria wa mjini? Hujawahi kuning'inia kwenye ile?

#26 Konda wa Zamani
Ile ilianza 2012 na mimi ilinipunguzia abiria, sitaki hata kuiongelea.

#27 Ndara Mkononi
Naona mmetaja lami, hati, habari, wakubwa. Maji hamjataja. Maji ya aina mbili, ya kunywa na ya kukufukuza.

Nakaa Boko, upande wa Basihaya. Kiwanja kimepimwa. Hati ninayo, nimeifunga nailoni kabatini. Mtaa umenyooka. Nilikiona Agosti, nyasi zimekauka, upepo wa bahari, nikamwambia mke wangu tumepata. Ikaja masika. Maji hayakuja kwa kasi, yalikuja yakakaa. Yanatoka chini, unaona kigae cha sebule kinatoa machozi kwenye maungio, halafu shimo la choo linagoma, halafu jirani anapita na ndara mkononi suruali imekunjwa magotini anakusalimia kama kawaida. Hapo ndipo utajua wenyeji wamezoea. Mpangaji wangu wa banda la nyuma alihama na kodi ya miezi minne anadai.

Kiwanja kiangalie Aprili. Angalia mstari wa tope ukutani kwa jirani, angalia kama milango imekatwa chini, angalia kama watu wameinua mita ya umeme juu isivyo kawaida. Hayo hayamo kwenye hati wala kwenye ramani.

#28 Mlinzi wa Kibubu
Ndara Mkononi asante sana, hilo la mita ya umeme sikuwahi kulifikiria. Pale Goba kuna korongo kama hatua hamsini nyuma ya pagale. Dalali anasema ni mfereji wa mvua tu.

#29 Wakili wa Kichochoroni
Korongo? Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ufukweni. Kama wataalamu wakisema huo ni mto, huna nyumba hapo.

#30 Ndara Mkononi
Na uangalie kama wanachota mchanga humo. Makorongo ya huku kaskazini yanatanuka kila masika kwa sababu ya wachimba mchanga. Leo hatua hamsini, baada ya mvua mbili tatu ni thelathini. Nimeona nyumba Tegeta choo chake kinaning'inia hewani.

#31 Chapa Ilale
Hatua za nani kwanza? Mimi niliuziwa kiwanja Mbande "hatua 20 kwa 20", mwenye shamba alitembea mwenyewe, mzee mmoja mfupi anachechemea. Mpima alipokuja akaniuliza hii ni mita au ni huruma?

#32 Mtakwimu Koko
😂😂 Chapa Ilale umeniua.

Turudi kwenye hoja. Hakuna aliyetaja watu. Bei ya nyumba mwisho wa siku ni watu wangapi wanaitaka. Sensa ya 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541, ya 2022 ikawa 5,383,728. Ongezeko kama milioni moja na kidogo. Sasa Pwani: kutoka milioni 1.1 hivi mpaka milioni 2 na kidogo. Yaani Mkoa wa Pwani, ulioanza na robo ya watu wa Dar, umeongeza karibu watu walewale walioongezwa na Dar nzima. Wameenda wapi? Kibaha, Mkuranga, Vikindu, Mapinga, Kerege. Mleta uzi anaposema anataka Dar tu, anataka mpaka wa kwenye ramani. Wapangaji na wanunuzi hawauangalii.

#33 Bi Mkubwa wa Kibada
Wameenda huko kwa sababu ni rahisi, si kwa sababu ni pazuri. Urahisi ukiisha watasogea mbele tena.

#34 Dalali Mstaafu
Mtakwimu ana hoja, lakini watu wengi hawamaanishi bei kubwa. Vikindu wapo wengi na viwanja navyo vipo vingi, kila mwenye shamba la mikorosho analikata. Bei inapaa pale watu wanapoongezeka na ardhi imegoma kuongezeka. Sinza, Mikocheni, Magomeni, Kariakoo. Na kwa mbali, Tandika.

#35 Mtoto wa Temeke
Hatimaye! Nilikuwa nasubiri mtu aiheshimu Temeke.

Nimezaliwa Tandika. Wengi humu mnaiona ni kelele na sokoni. Soko lile linalisha nusu ya upande wa kusini. Mabasi ya kila njia. Barabara ya mwendokasi ya Mbagala imejengwa Kilwa Road, si mbali. Nyumba ya baba yangu haijawahi kukaa na chumba kitupu, mpangaji akihama asubuhi, jioni kuna mtu na godoro mlangoni. Mleta uzi hiyo nyumba vunja ukuta wa mbele weka fremu mbili, utarudi hapa kunishukuru.

#36 Ndara Mkononi
Vyumba sita, choo kimoja cha uani. Miaka 15 ijayo bado watakuwepo wanaotaka choo cha foleni?

#37 Mtoto wa Temeke
Watakuwepo mkuu. Wenye kutaka chumba chenye choo ndani kwa hela ya chumba cha kawaida ndio hawatakuwepo.

#38 Mpangaji Sugu
Wenye nyumba nawasikia. Swali dogo nje ya mada: kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ilianza na 1,000 kwa mwezi 2021, ikapanda 1,500 mwaka 2023. Anayenunua umeme ni mimi. Nyumba ni ya mwenye nyumba. Nani anamlipia nani?

#39 Chapa Ilale
Wewe ndiye mwenye nyumba, yeye ana hati tu.

#40 Mtoto wa Temeke
Kwetu baba anaikata kwenye kodi ya chumba. Ila lazima umkumbushe, na umkumbushe kwa adabu.

#41 Mpangaji Sugu
Wangu nilimkumbusha kwa adabu akaniambia "kama umechoka sema".

#42 Kuponi Tu
Hayo ndiyo mambo ambayo hati fungani haina.

#43 Aliyeko Masaki kwa Kazi
Mimi ni mlinzi wa fleti huku Masaki, nachangia nilichokiona. Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma 2016 fleti nyingi zilikaa tupu, vibao vya "inapangishwa" vikapauka kwa jua. Baadaye watu wakarudi. Bei ilikuwa ya dola, Machi 2025 ikaja kanuni ya kuzuia bei za fedha za kigeni kwa huduma za ndani, sasa zinatajwa kwa shilingi. Matajiri nao wanapigwa na upepo. Msidhani ni sisi tu.

#44 Konda wa Zamani
Mkuu huko fremu hakuna?

#45 Aliyeko Masaki kwa Kazi
Huku hata duka la vocha ni safari.

#46 Mlinzi wa Kibubu
Wakuu nimesoma yote, asanteni. Nilete mrejesho mdogo.

Tandika nimerudi jana jioni, nikamuuliza mwenye nyumba habari za usimamizi wa mirathi kama Wakili alivyoelekeza. Akakaa kimya kidogo, akasema nyumba ni ya marehemu mama yao, yeye ndiye mkubwa na "wadogo zangu hawana shida". Wadogo zake ni wangapi? Watano. Mmoja yuko Oman.

Goba nimemuomba jina lililoko kwenye ramani ya upimaji. Dalali hapokei simu tangu asubuhi.

Kibada mke wangu ameenda na mama mkwe. Wamerudi wanachagua rangi ya geti.

#47 Wakili wa Kichochoroni
Nyumba ya Tandika bado inanunulika. Waende Mahakama ya Mwanzo wafungue mirathi, wateue msimamizi, wote watano watie saini, wa Oman atume idhini iliyothibitishwa ubalozini. Ikichukua miezi, ichukue. Hela yako ikae benki, si kwa kaka mkubwa.

#48 Mtoto wa Temeke
Na ukisubiri hivyo bei itashuka yenyewe. Wanaogombea urithi huwa wanauza haraka.

#49 Mzee wa Kipawa
Au hawauzi kabisa. Nimeona nyumba Ilala mirathi yake imezeesha wajukuu.

#50 Dalali Mstaafu
Kibada usiende kichwakichwa pia. Uliza maji. Sehemu za Kigamboni ukichimba kisima unapata ya chumvi, mabomba yanaliwa na chai haichemki vizuri. Muombe jirani glasi ya maji, usiulize, kunywa. Na kiwanja kitupu kisikae kitupu: jenga msingi, zungushia ukuta hata wa kozi tatu, weka mtu alime mchicha. Kiwanja chenye hati kisicho na mtu ndicho kinachouzwa mara mbili.

#51 Bi Mkubwa wa Kibada
Chai yangu inachemka vizuri tu, Dalali. Karibu uonje.

#52 Dalali Mstaafu
Nitakuja mama, nikishalipa tozo.

#53 Mtakwimu Koko
Mleta uzi, kwani lazima hela yote iingie sehemu moja? Kiwanja cha Kibada 70, ukibana wanakushushia. Inayobaki weka kwenye hizo hati fungani za Kuponi Tu, riba yake ijenge ukuta taratibu.

#54 Kuponi Tu
Mwishoni mtu mmoja ameongea.

#55 Konda wa Zamani
Mimi bado Goba. Simu ya dalali itawaka tu.

#56 Binti Ukonga
Wakuu nisamehe kuingilia, nina swali la karibu na hili. Kuna mtu ananiuzia ekari Kimbiji, anasema iko "dakika tano kutoka baharini" na anataka kwanza elfu 30 ya kunionyesha. Kuna mwenye kupafahamu?

#57 Chapa Ilale
Dakika tano kwa hatua za yule mzee wangu wa Mbande au kwa gari?

#58 Dalali Mstaafu
Binti, elfu 30 ya kuonyeshwa usitoe. Muulize kitongoji gani, kiwanja kiko kwenye mchoro wa mipango miji au ni shamba, na uje na jibu hapa. Kimbiji ni pakubwa.